Leonard Nimoy, yule wa masikio yaliyochongoka, na kamera yake

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha waigizaji na wapiga picha, nimeiandika karibu kama nilivyoongea)

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wenzangu habari za jioni. Waandaaji waliniambia niongelee waigizaji ambao pembeni wana sanaa nyingine, nikawa nimeanza kuandaa orodha ndefu ya majina alafu nikaiacha, kwasababu orodha mtaisahau kabla hamjafika stendi. Bora nichukue mtu mmoja nimuongelee vizuri, na huyo mtu ni Leonard Nimoy. Wengi mnamjua sura bila kumjua jina, yule jamaa wa Star Trek, tamthilia ya TV ya safari za anga, mwenye masikio yamechongoka na nyusi zimepanda juu, Spock, ambaye hacheki wala hakasiriki, kila kitu anakipima kwa akili tu. Ile tamthilia ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 1966 ikaisha Juni 1969, vipindi 79, na humo ndo alikuwemo Luteni Uhura, dada mweusi kwenye chumba cha kuongozea chombo, ambaye jina lake walilitoa kwenye neno letu uhuru, kwahiyo waswahili nasi tumo kidogo kwenye hii habari.

Nimoy alifariki Februari 27, 2015 akiwa na miaka 83. Pigeni hesabu, tamthilia imefungwa 1969 na yeye kaishi miaka mingine 45 na zaidi, na kwenye hiyo miaka akatoa vitabu vya mashairi, akapiga picha zilizotundikwa kwenye magalari na kwenye jumba la makumbusho ya sanaa, na huku bado anaigiza na anaongoza filamu. Watu wakimuelezea huwa wanasema alikuwa na vipaji vingi. Mimi nimekaa na kazi zake mda mrefu na naona hivi, huyu mzee alikuwa na swali moja tu linalomsumbua, kwamba mtu ni nani kweli chini ya hii sura tunayoiona, na kila kitu alichokishika, iwe kamera iwe kalamu, alikishika ili aulize hilohilo.

Tuanze alikotoka. Alizaliwa Machi 26, 1931 Boston, mtaa unaitwa West End, mtaa wa wahamiaji, wazazi wake Wayahudi waliotoka mji wa Iziaslav ambao leo uko Ukraine. Baba yake alikuwa kinyozi. Leonard alianza kuigiza akiwa mtoto wa miaka 8 kwenye jukwaa la pale mtaani, na alipokuwa mkubwa akasema anataka iwe ndo kazi yake ya maisha, nyumbani hawakufurahi hata kidogo, baba akamshauri ajifunze basi kupiga kodiani, maana mpiga kodiani hawezi kulala njaa, harusi zipo kila siku. Najua hapa kuna watu wameshaambiwa maneno ya namna hiyo na baba zao, wengine wiki iliyopita tu.

Lakini kabla hata hajaondoka nyumbani kamera ilishaingia. Familia ilikuwa na kamera moja ya Kodak, zile za zamani za kukunja ambazo ukifungua lenzi inatoka mbele kama imebebwa na mfuko, na yeye akiwa kijana wa miaka 13 hivi akawa anapiga picha alafu anazisafisha mwenyewe bafuni. Nyumba ndogo, bafu ni moja la familia nzima, sasa fikirieni dogo amejifungia humo na beseni za dawa na watu wako nje wanagonga mlango. Moja ya picha zake za mwanzo kabisa alimpiga babu yake kando ya mto Charles. Alikuja kuielezea hiyo picha mara nyingi sana uzeeni, na mimi naelewa kwanini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya mji iliamua kuubomoa mtaa wa West End wote, wakasema ni uswahilini pamechakaa, maelfu ya watu wakahamishwa, nyumba zikaenda chini, na leo ukienda kutafuta ile mitaa aliyokulia huikuti. Kwahiyo dogo aliyekuwa anachezea dawa bafuni alikuwa ameshika kitu ambacho watu wazima wote waliomzunguka hawakujua kwamba kinaondoka. Hakujua na yeye. Alipiga tu kwasababu alimpenda babu yake, na nadhani hiyo inatosha kabisa kuwa sababu ya kupiga picha.

Akaenda California 1949 kutafuta uigizaji, na ile safari ilikuwa ngumu jamani. Aliendesha teksi, aliuza mashine za kufagilia zulia, akaenda jeshini akarudi, sehemu za kuigiza anazopata ni ndogondogo, mara muhindi mwekundu mara jambazi. Mwenyewe alisema kabla ya Star Trek hakuwahi kupata kazi ya kuigiza iliyozidi wiki mbili. Wiki mbili! Na alikuwa ameshafanya hiyo kazi miaka 15 na zaidi, ana mke na watoto wawili. Alafu anakuja Spock na ghafla mtu haendi dukani bila kuzungukwa.

Hapa sasa ndo penye nyama. Baada ya Star Trek akafanya tamthilia nyingine, Mission: Impossible, mpaka 1971, ana jina, ana hela, na akiwa na miaka 40 hivi akaenda chuo, UCLA, yani Chuo Kikuu cha California pale Los Angeles, kusomea upigaji picha. Nataka mlione hili vizuri. Mtu ambaye angeweza kununua kamera ya bei mbaya, akatundika picha zake popote na watu wangekuja kwasababu tu ni Spock, akaenda kukaa darasani akafundishwa. Na alikuwa amedhamiria kabisa kuacha kuigiza, sio kwamba anajaribu jaribu. Kilichomrudisha ni kwamba alipoangalia maisha ya mpiga picha wa kulipwa yalivyo, matangazo ya biashara, kazi za kupangiwa na mteja, akaona huko anaenda kuwa mtumwa kwenye kitu anachokipenda, bora chakula kitoke kwenye uigizaji na picha zibaki huru.

Najua mnawaza nini. Kwamba yeye alikuwa na uwezo huo, baadae akaongoza hadi filamu ya Three Men and a Baby ambayo iliongoza kwa mapato Marekani mwaka 1987, sisi tunaopiga picha za harusi jumamosi ili tulipe kodi jumatatu tutachagua nini. Ni kweli na sitaki kuipaka rangi, uhuru ule aliununua na hela ya sinema. Lakini kumbukeni bafu. Hela haikuwepo wakati anasafisha picha bafuni na tayari alikuwa anapiga mtu anayempenda kwa namna yake, hajapangiwa na mtu. Ninachowaomba ni kwamba katika hizo kazi za wateja muwe na kona moja ambayo mteja haingii, hata iwe mkanda mmoja kwa mwezi, hata iwe ni simu yako na jirani yako.

Pale chuoni mwalimu wake aliitwa Robert Heinecken. Huyu naye alikuwa mtu wa ajabu kwenye hii fani, mpiga picha ambaye mara nyingi hakutumia kamera kabisa, anachukua kurasa za magazeti anazichapa moja juu ya nyingine, anakata anaunga, na ndiye aliyeanzisha masomo ya picha pale UCLA miaka ya 60. Unaweza kujiuliza mtu wa hivyo atakufundisha nini kuhusu picha. Alimfundisha Nimoy kwamba picha lazima iwe na wazo, inahusu nini, unauliza nini. Nimoy mwenyewe alikuja kueleza kwamba zamani alikuwa anatembea na kamera kila anakoenda, ila baadae akawa haibebi mpaka awe na wazo la kulifanyia kazi. Kuna wenzangu hapa hawakubaliani na hii, wapiga picha wa mtaani hasa, wao wanasema picha inakuja yenyewe ukiwa na kamera mkononi, na siwezi kuwabishia kwasababu kazi zao nzuri naziona. Ila ukimuangalia huyu mzee unaona kabisa kwanini njia hiyo ilimfaa, ni mwigizaji, mwigizaji hapandi jukwaani bila kujua huyu mhusika anataka nini.

Mashairi nayapitia haraka. Kitabu cha kwanza kilitoka 1973, You & I, picha na mashairi yake pamoja, alafu vikafuata vingine miaka yote ya 70 mpaka mwanzoni mwa 80, na 2002 akakusanya ya mapenzi kwenye kitabu kinaitwa A Lifetime of Love. Ni mashairi mepesi, hayana vina, hayana mafumbo, anasema nakupenda, anasema naogopa, anasema asante, basi. Sisi tuliokulia kwenye shairi lenye mizani na kituo tunaweza kuyaona kama barua tu imekatwa mistari, na kusema kweli mengi yake hayanigusi. Lakini nayaheshimu kwa jambo moja, huyu ni mtu ambaye dunia nzima ilimjua kama asiye na hisia, watu wanamsalimia barabarani wakitegemea atawajibu kwa ubaridi, na yeye anaenda kuandika vitabu vizima vya nakupenda bila kujificha nyuma ya kitu chochote, kwa jina lake, na wachambuzi wakamponda na akaandika kingine.

Mwaka 1975 akaandika kitabu cha maisha yake akakiita I Am Not Spock, yani mimi sio Spock, na mashabiki wakachukia sana, wakaona kawakana. Ndani ya kitabu wala hakumkana, kuna sehemu kabisa anapiga stori na Spock kama watu wawili wamekaa meza moja. Ila jina la kitabu lilimfuata miaka 20 mpaka 1995 akaandika kingine, I Am Spock. Sasa waigizaji naomba mnisikilize hapa, kwasababu hili linawapata hata nyie mnaocheza tamthilia za nyumbani, umecheza mchawi mara moja basi sokoni wamama wanakukwepa. Sura yako imechukuliwa na mtu ambaye hayupo. Nimoy aliishi na hilo karibu nusu karne na badala ya kulia nalo akalifanya ndo kazi ya kamera yake.

Kamera yake ya uzeeni ina kazi kubwa tatu na nitazielezea zote maana ndo sababu ya mimi kusimama hapa.

Ya kwanza inaitwa Shekhina, kitabu kilitoka 2002. Mnaijua ile ishara ya mkono ya Spock, vidole viwili viwili vimeachana katikati. Ile hakuitoa hewani. Alipokuwa mtoto alikuwa sinagogi na baba yake na babu yake, ukafika wakati wa makuhani kutoa baraka, na pale watu wote wanafunika nyuso au wanageuka, hairuhusiwi kuangalia, kwasababu inaaminika uwepo wa Mungu unashuka na binadamu hawezi kuuangalia akabaki salama. Na yeye akachungulia. Akaona wazee wamejifunika shuka za sala, mikono imenyooshwa mbele na vidole vimekaa hivyo. Miaka mingi mbele, 1967, kwenye kipindi kimoja cha Star Trek wakahitaji salamu ya watu wa sayari ya Spock, akaitoa hiyo. Dunia nzima ikaanza kusalimiana na baraka ya makuhani bila kujua. Lakini ule uwepo, ambao kwenye mapokeo ya Kiyahudi una sura ya kike na ndo unaitwa Shekhina, ulibaki kichwani kwake, na uzeeni akaamua kuupiga picha. Akapiga wanawake, picha za nyeusi na nyeupe, wengine wamejifunika kitambaa chepesi tu mwili unaonekana, wengine wamevaa vile vikasha na mikanda ya ngozi ambavyo kwa Wayahudi washika dini huvaliwa na wanaume wakati wa sala. Ikawa moto. Jumuiya ya Wayahudi wa Seattle walikuwa wamemwalika kuongea kwenye shughuli yao, wakamwambia njoo ila hizo picha usionyeshe, naye akakataa kwenda kwa masharti hayo. Mimi ni mtu wa dini na naelewa kabisa kwanini watu waliumia. Ila naelewa pia kwamba yule mtoto aliyechungulia hakuchungulia kwa dharau, alichungulia kwasababu aliamini kweli kuna kitu pale.

Ya pili ilizaliwa na hiyo ya kwanza. Alipokuwa anazionyesha zile picha na kuzielezea, mwanamke mmoja mnene akamfuata akamwambia wanawake wako wote ni wa umbo moja, mimi ni modeli wa umbo lingine, ungependa kunipiga? Akampiga. Na picha za huyo mama zilipowekwa kwenye maonyesho pamoja na nyingine zikawa ndo watu wanasimama hapo hapo, wanauliza, wanabishana. Mpiga picha mwingine angesema asante akaendelea na wale wembamba. Yeye akatafuta kundi la wanawake wanene wacheza shoo wa San Francisco akawapiga, kitabu kikatoka 2007, The Full Body Project. Najua hapa kuna wazazi na picha hizo ni za uchi, ndo maana sijazileta, ila nawaeleza zilivyo. Kwenye moja wamecheza kwa kuzunguka wameshikana mikono kama wale wa mchoro wa Matisse, yule mchoraji wa Ufaransa, nyingine wamesimama wima wanakuangalia usoni kama wale wanawake wa mpiga picha Helmut Newton, tofauti ni miili tu. Hakuna anayejikunja, hakuna anayeficha tumbo na mkono. Wengine wanacheka kwa sauti kabisa unaisikia. Jamani sisi kwetu mama mnene anasifiwa kwenye ngoma na taarabu ila akifika studio mpiga picha anamwambia geuka upande, vuta tumbo, na akienda kwenye kompyuta anampunguza. Tunafanya wote. Naomba tuache, au angalau tumuulize kwanza mwenye mwili.

Ya tatu naipenda kuliko zote, Secret Selves, yani nafsi za siri. Ilipigwa kwenye galari moja ya Northampton, Massachusetts, watu wa kawaida wa pale wakaitwa, njoo kama yule mtu wako wa ndani ambaye hatumjui, vaa unavyotaka, beba unachotaka. Wazo alilitoa kwenye hadithi ya Wayunani wa kale, ipo kwa mwanafalsafa Plato, kwamba binadamu zamani alikuwa na kichwa kimoja chenye nyuso mbili na mikono minne, miungu wakaogopa nguvu zake wakampasua katikati, na tangu siku hiyo kila mtu anahangaika kutafuta kile kipande chake. Wakaja watu makumi kwa makumi. Na huyu mzee hakuwa anawasimamisha tu anabonyeza, alikuwa anaongea nao kwanza, wewe ni nani leo, umekuja na nani, na mazungumzo yale yakarekodiwa na video. Mwaka 2010 zikatundikwa kwa ukubwa kwenye jumba la sanaa la MASS MoCA, ambalo zamani lilikuwa kiwanda. Mimi hapa ndo namuona mwigizaji na mpiga picha wanakutana mtu mmoja, kwasababu anajua inavyokuwa kukaa mbele ya lenzi ukiwa umevaa mtu mwingine, na anajua swali gani litakufanya ufunguke. Mtu aliyevalishwa sura moja na dunia nzima anawapa watu wasiojulikana nafasi ya kuvaa ya kwao.

Siku chache kabla hajafa aliandika Twitter kwamba maisha ni kama bustani, nyakati kamilifu unaweza kuzipata ila huwezi kuzihifadhi isipokuwa kwenye kumbukumbu. Nimeirudia sana hiyo sentensi, kwasababu anayeisema amepiga picha kwa miaka 70, kama kuna mtu angedai kwamba nyakati zinahifadhika ni yeye, ana negativi za kuthibitisha. Na bado akasema kumbukumbu tu. Kwangu mimi hilo ndo shairi lake bora.

Mara nyingi tunaambiwa mshika mbili moja humponyoka, na wanaosema wanatutakia mema, wanaona tunahangaika. Ila kabla hujaacha moja jiulize kama kweli ni mbili, inawezekana umeshika kitu kimoja kwa mikono yote miwili na mtu aliyesimama mbali haoni.

Sasa kabla ya maswali. Mmeona lile shuka jeupe nimelitundika pale ukutani karibu na mlango, na kamera iko kwenye stendi. Anayetaka, kwa hiari yake kabisa, aje mmoja mmoja, aniambie yule mtu wake ambaye watu wa nyumbani na kazini hawamjui, tutaongea kidogo alafu nitampiga. Wale waliokuja na nguo kwenye mabegi kama nilivyoomba kwenye tangazo chumba cha kubadilishia ni kile cha kushoto, na picha hazitaenda popote bila mwenyewe kuniandikia kwamba amekubali. Dada pale nyuma naona mkono wako, anza na swali lako.